Wanasesere Wanane Wenye Matumbo Mazito

Leo nimeumbuliwa mchana kweupe. Si mimi peke yangu: ni mimi na wanasesere wangu wanane, matumbo wazi, mbele ya foleni nzima ya pikipiki.

Mnajua nashona wanasesere wa vitambaa tangu nina miaka sita, kwa mabaki yanayoanguka chini ya cherehani ya mama. Kila mmoja namchora kwanza daftarini: nywele, mashavu, hata namna anavyonuna. Chuo kikuu kimepita, diploma iko ukutani, kazi haijaja. Wao wamebaki. (Majirani wawili bado wanaamini ni vitu vya uchawi. Niliwaomba ushahidi. Wakahamisha viti vyao.)

Wiki iliyopita, mama mkurugenzi wa kituo kimoja kinachofundisha wasichana kushona alikubali kuangalia kazi yangu. Ikimpendeza, angenipa darasa langu mwenyewe. Alikuwa na sharti moja: wanasesere wakae wenyewe, wima.

"Bapupe yako banaanguka sana, ka balevi. Uniletee benye kuikala."

Mwisho ulikuwa leo, saa sita.

Sasa, mwanasesere hakai bila uzito matakoni. Mchanga unavuja kwenye mshono. Asubuhi nikazunguka nyumba nzima, na nyuma ya mlango wa mjomba nikakuta ndoo ya vijiwe vyeusi, vidogo, vizito, kana kwamba viliumbwa kwa kazi hiyo. Tunaishi Kasulo, mtaa ambao watu wanachimba kobalti hata uani. Mjomba ni mchimbaji. Na mimi ndiye ninayehoji kila kitu nyumbani, hata sala ya kabla ya kula. Ndoo ile sikuihoji.

Nikawajaza, nikashona matumbo. Nikawapanga mezani. Wote wanane walikaa wima kama wajumbe wa baraza. Machozi yalinilengalenga (nilisingizia moshi wa makaa).

Kwenda kituoni lazima upite kizuizi cha barabara ya mgodi, ambako walinzi wanapekua mifuko wakitafuta madini ya magendo. Mlinzi akamtoa mmoja, akampimapima mkononi.

"Batoto bako beko bazito, mama. Banakulaka nini?"

"Ni bapupe tu, tata," nikamjibu kwa heshima. "Mu ndani ni tujiwe tu."

"Tujiwe gani?"

Hapo ndipo elimu yangu iliponiharibia. Ningeweza kuomba msamaha. Badala yake nikamwambia: "Jiwe ni jiwe, tata. Utajua namna gani kama ni madini, bila kupima?"

Alifikiri kidogo. "Unasema kweli. Tupime."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha mnunuzi wa madini. Akaitwa na kimashine chake cha kupimia madini. Mlinzi akatoa wembe. Wanasesere niliowashona kwa siku nne walifunguka kwa dakika nne. Vijiwe vikarundikana juu ya gunia, rundo kwa kila tumbo, mashine ikalia, mnunuzi akapiga mluzi, akalisifu rundo la mwanasesere mwenye kilemba.

"Ya uyu wa kilemba njo ya muzuri kabisa."

Watu walisogea. Waendesha pikipiki walizima injini. Wakaanza kubishana ni mwanasesere yupi aliyeshinda, na hakuna hata mmoja aliyetazama nyuso zao. Macho yale niliyatarizi kwa nyuzi za rangi tatu.

Nikampigia mjomba simu aje anitetee. Akafika mbio juu ya pikipiki. Nilichokuwa sikijui: tangu asubuhi alikuwa akigombana na mwenzake wa shimoni, akimshutumu kwamba ameiba mawe ambayo mjomba aliyachagua moja moja kumwonyesha mnunuzi. Akaliona gunia. Akapiga magoti.

"Majiwe yangu! Mi nilitukana mutu bure!"

Foleni nzima ikamgeukia.

"Ee tata," mlinzi akauliza taratibu, "majiwe ni yako?"

Mjomba akasimama, akajifuta vumbi magotini. "Mi? Mi nilikuwa napita tu." Akapanda pikipiki ileile. Akapita kweli.

Mawe yakabaki kizuizini. Mimi nikarudishiwa ngozi.

"Bapupe unaweza kuenda nabo," mlinzi akasema. "Beko bazuri, kweli." (Sifa pekee niliyoipata leo, na aliyeitoa alikuwa bado ameshika wembe.)

Nilifika kituoni saa sita na robo, matumbo yamefungwa kwa pini. Mama mkurugenzi alikuwa ameshavaa mkoba begani. Akamweka wa kilemba mezani. Akaanguka kifudifudi. Akamweka tena. Akaanguka tena, safari hii polepole, kama mtu aliyekata tamaa.

"Nilisema benye kuikala."

"Balikuwa banaikala, mama."

"Wapi?"

"Kule ku kizuizi."

Akamlaza wa kilemba chali. Kisha akaniambia kwamba darasa atampa mama mmoja anayefuma kofia za watoto wachanga. Kofia haina haja ya kukaa.

Mjomba hajarudi nyumbani. Wanasesere wamelala kitandani kwangu, tambarare kama soksi. Anayetaka kucheka aje na sindano yake. Kuna matumbo manane ya kushona, na huyu wa kilemba bado hataki kuniangalia.