Picha Hupigwa kwa Mbele

Jumanne, 5 Oktoba 1954. Itaka.

Jirani yangu Zebedayo amerudi kutoka Mbeya na picha. Ameitundika mkabala na mlango, ili hata anayekuja kuazima jembe aione. Kakaa kitini, mkono juu ya redio. Redio ya mpiga picha! Zebedayo mwenyewe hana hata saa. Lakini Itaka nzima imepita kuangalia, na mzee wa kanisa alivua kofia.

Nimeamua. Mbeya ni ya watoto. Sisi tunakwenda Dar es Salaam, familia nzima, tupige picha, mimi kiti cha katikati. Kahawa imeuzwa vizuri. Tutafikia Kariakoo kwa shemeji Amoni, kaka yake mke wangu Leah, karani wa bandarini. Kula bure, kulala bure.

Nimemwambia Leah nataka watoto waione bahari. Akauliza kama bahari hiyo inahusiana na picha ya Zebedayo. Nimekasirika. Mimi na Zebedayo wapi na wapi! Baadaye akakubali, tena kwa furaha. Furaha kubwa mno. Sikumuuliza kwa nini.

Ijumaa, 8 Oktoba. Mbeya.

Nimenunua koti, tai na viatu. Koti ni fupi kidogo, ndiyo maana lilikuwa rahisi. Leah kasema ninunue na suruali, kwa sababu hii yangu ina kiraka makalioni. Alikitia mwenyewe, kwa kitambaa cha maua mekundu kilichobaki kwenye gauni la binti yetu Sekela. Nikamweleza kwa upole: picha hupigwa kwa mbele. Isitoshe nitakuwa nimekaa. Akili ni mali!

Jumatatu, 11 Oktoba. Kariakoo.

Balaa! Lusubilo, mwenye miaka minne, katapika ndani ya kofia yangu. Sekela, mwenye saba, kauliza kila kituo kama ndiyo bahari. Hayo nimevumilia. Lakini tumefika mlangoni kwa Amoni, nani anatoka na beseni la nepi? Mama Mkwe!

Niandike vizuri, maana watu wa huku hawaelewi. Kwetu mwanamume haonani na mama wa mkewe. Ukimwona njiani unaingia porini. Jina lake hulitaji. Mpaka siku utakayompelekea mbuzi. Hapo mnasalimiana, mnakula pamoja, yamekwisha. Mimi nina mwaka wa tisa tangu nioe, mbuzi sijapeleka. Kila nikimtazama naona bado anakua. Nyumbani si shida. Mama Mkwe anakaa Kamsamba, mbali, na njia zote zina vichaka.

Kariakoo hakuna kichaka! Nimerukia mlango wa kwanza niliouona. Ndani, mzee wa Kimanyema na mkewe wanakula. Hawakuuliza kitu, wakasema karibu. Nikala.

Leah anasema mama yake yupo hapa tangu Juni, alikuja kumlea mke wa Amoni aliyejifungua. Mbona hakuniambia? Ati sikumuuliza.

Jumatano, 13 Oktoba.

Nyumba hii ina ukumbi mmoja mrefu, vyumba huku na huku, choo kimoja uani. Na Mama Mkwe anapika wapi? Uani! Nimebuni mpango. Sekela akae ukumbini. Bibi yake akitokea, aimbe wimbo wa kanisani, nami nijifiche. Malipo ni kashata.

Asubuhi mpango umefanya kazi. Mchana Sekela kagundua kwamba akiimba bila sababu, mimi hukimbia vilevile. Kaniimbia beti zote nikiwa chooni. Wapangaji wakapanga foleni. Mzee wa Kimanyema akagonga, akauliza kama naumwa tumbo au nimehamia.

Amoni kacheka mpaka machozi. Akasema dawa ni mbuzi. Nikasema mbuzi wa mjini wamekonda, nami namheshimu mama yake. Akasema wa Itaka wananenepa mwaka wa tisa huu. Hana adabu huyu bwana. Tena wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kariakoo hakuna shamba, basi akanipa ndoo nikachote maji.

Jioni Sekela kaniletea sahani. Kuku, na firigisi juu. Kumbe ni Mama Mkwe anayenipakulia, kila siku! Kamtuma mtoto aseme kwamba ana hamu ya kumwona mtu anayewalisha wajukuu zake, kabla macho yake hayajaingia giza. Firigisi ikanikwama kooni. Nikanywa maji, ikashuka.

Ijumaa, 15 Oktoba.

Tumekwenda baharini. Leah kamchukua mama yake bila kuniuliza, kwa hiyo mimi nilitembea mbele peke yangu na mwavuli, kama mtu asiye na watu. Lusubilo kaonja maji, katema, kauliza nani kamwaga chumvi yote hii. Akataka tuyachemshe tukauze chumvi Itaka. Huyo ni damu yangu!

Mara Mama Mkwe akageukia upande wangu. Nikashusha mwavuli usoni, nikarudi nyuma, nyuma, nyuma, mpaka bahari ikaingia viatuni. Viatu vipya! Watoto walipiga makofi, wakaomba nirudie.

Jumamosi, 16 Oktoba.

Leo ndiyo leo. Tumetoka Mama Mkwe akiwa sokoni. Mpiga picha ni Mhindi mpole mwenye miwani. Ana pazia lililochorwa mlima na migomba. Nimetoka milimani kuja kupigwa picha na mlima! Haidhuru. Mimi kitini, Leah nyuma yangu, watoto pembeni. Kwa mbele nilikuwa gavana mtupu. Mhindi akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi, akasema tusipumue.

Sekela akaanza kuimba. Safari hii sikudanganyika ng'o! Nikabaki pale pale, kifua mbele. Kisha nikaona ncha ya kanga mlangoni. Kanga mpya. Loo! Kumbe Lusubilo alimwalika bibi yake kwa siri, na Amoni ndiye aliyemleta. Nikarukia nyuma ya mlima.

Watoto wakampeleka bibi yao moja kwa moja kwenye kiti changu. Kiti cha katikati! Kisha Lusubilo akaona baba hayupo, akaangua kilio. Hapo Mama Mkwe akasema kwa sauti, nami nisikie, kwamba mkwe wake atoke tu. Yeye atafumba macho, ili watoto wawe na picha ya baba yao.

Mtu nimemnyima mbuzi miaka yote hii, na yeye bado ananionea huruma. Niliona haya, nasema kweli. Nikaamua kutoka. Lakini heshima ni heshima, nisije nikamwona mimi. Nikatoka kinyumenyume, nimeinama, nikipapasa kumtafuta Lusubilo.

Lusubilo aliponiona akanyamaza. Mhindi, kichwa bado kiko ndani ya kitambaa, akadhani tuko tayari. Taa ikawaka.

Jumapili, 24 Oktoba. Itaka.

Leah ameitundika picha. Mama Mkwe katikati, amefumba macho, anatabasamu. Leah kapendeza. Watoto wanacheka meno yote nje. Na upande wa kulia, mkubwa kuliko mlima wenyewe, mgongo wangu wa chini. Maua ya kiraka yanaonekana moja moja.

Baada ya ibada Zebedayo alikuja. Akatazama kwa muda mrefu. Nikamwambia huyo aliyeinama ni msaidizi wa mpiga picha. Sekela akasema siyo, ni baba, akakimbia kuleta gauni lake tulinganishe. Zebedayo alikaa chini sakafuni kwa kicheko. Sasa hivi mzee wa kanisa yupo mlangoni, na kofia hajavua.

Leah anasema mama yake atarudi Kamsamba Krismasi, na mbuzi yupo. Nimekwenda zizini. Mbuzi mzuri, kanona. Nikamfunga kamba kabisa. Nikamfikiria yule mama na macho yake aliyoyafumba kwa ajili yangu, moyo ukalainika.

Kisha nikapata wazo. Nikimuuza huyu, napata suruali mpya, mbele na nyuma! Na Ndola, ng'ambo ya mpaka, nasikia wanapiga picha na kuzitia rangi. Zebedayo atakoma. Tutafikia kwa Damiano, mdogo wake Leah, anafanya kazi huko, na mkewe ni mjamzito. Kula bure, kulala bure. Mama Mkwe atapelekewa yule mbuzi mdogo aliyebaki zizini, mwakani, akishakua.

Nimemwambia Leah. Amekubali papo hapo, tena kwa furaha. Furaha kubwa mno. Sina haja ya kumuuliza kwa nini.