Mswaki wa Tatu na Zamu ya Maji

Jumatatu, 4 Agosti

Msiba! Kitabu kimeondoka saa moja asubuhi. Niko ukurasa wa 212. Kina kurasa 310.

Niandike yote, ili nikirukwa na akili watu wajue chanzo. Mwalimu Victoria alikuja nacho kutoka Dar likizo ya Juni. Kinaitwa *Mswaki wa Tatu*. Nuru na mumewe, Dokta Faraji, wanaishi wawili tu nyumba nzima, lakini kila asubuhi kwenye kikombe cha bafuni kuna miswaki mitatu. Na wa tatu umelowa! Dokta anamwambia mkewe kwamba anauweka mwenyewe kisha anasahau. Nuru ameanza kuamini. Mimi siamini ng'o. Mswaki ni wa mtunza bustani wao. Mtu anayeongea kidogo vile ana jambo.

Tabu ni kwamba kitabu ni kimoja. Nusura watu wapigane, mpaka Mzee Tumainieli, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, akaamua kigawanywe kama tunavyogawana maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia: kwa zamu, kwa orodha, na mwizi wa zamu anashtakiwa. Kaya tano, siku nne nne. Yangu imeisha leo. Itarudi tarehe 20! Kaya tatu zilishamaliza, sasa zitarudia kwa raha zao tu. Lakini zamu ni zamu.

Siku nne zingemtosha mtu mwingine. Mimi nasoma kwa makini. Kila Nuru akisikia hatua darini, naweka kitabu chini, nakwenda kukagua milango.

Kimekwenda kwa Vitus, jirani yangu wa juu mlimani. Vitus, anayesoma huku akichezesha midomo!

Nimehesabu miswaki ya kwetu. Mitatu. Nimepiga ukelele. Mke wangu Asteria amesema wa tatu ndio ninaosafishia cherehani. Amesema pia nikaangalie maharage: yametoa maua, yakikosa maji ya zamu yetu Alhamisi hii yamekwisha. Mwaka jana yalikauka nikiwa kwenye mradi wa kware. Yakikauka tena, anahamia Kihurio kwa dada yake Ernesta kulima mpunga. Amelisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza. Mimi ni fundi cherehani, na fundi mwenye futi shingoni hafungiwi mlango. Nimekwenda kwa Vitus nikasema nataka kumshonea suruali, zawadi ya ujirani. Alikuwa anasoma. Nikamwambia asisumbuke kuinuka, nikasimama nyuma yake, nikaanza kupima mabega.

Baada ya robo saa akauliza tangu lini suruali ina mabega. Nikasema ndiyo mitindo ya sasa.

Nimepata nusu ya ukurasa wa 213. Nuru amefungua kabati, na ndani yake... Vitus akaufunika ukurasa kwa kofia. Nimerudi nyumbani. Kwenye daftari nimeandika: bega, sentimita 213. Na suruali sasa anaitaka kweli.

Jumatano, 6 Agosti

Sina raha. Nimeshona mfuko wa kaptula ya mwanafunzi kwenye goti. Mama Safia alipokuja kuichukua aliitazama muda mrefu, akaniuliza kama nyumbani wote wazima.

Saa kumi Vitus kaja mwenyewe, anatabasamu. Kamaliza kitabu! Kwa midomo ile! Lakini zamu yake inakwisha Ijumaa, na kabichi zake zina kiu. Akashauri tubadilishane siku kwa siku. Alhamisi kitabu kwangu, maji kwake.

Nimefikiri kwa kina, kama dakika tatu. Maharage ya milimani ni magumu. Halafu kulikuwa na wingu upande wa mlima Shengena. Dogo, lakini lilikuwepo. Tumepeana mikono nyuma ya choo. Asteria sijamwambia. Mambo ya kiutawala humchosha.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimejifungia dukani tangu saa mbili. Utamu! Mtunza bustani amekufa ukurasa wa 240. Hii haimwondolei hatia. Ukurasa wa 271 Dokta ameficha ngazi. Ya nini kuficha ngazi? Ukurasa wa 298 Nuru ameipata, amepanda, anausukuma ubao wa dari, anaona macho mawili yanamtazama...

Mlango wa duka ukafunguka. Nilipiga kelele mpaka kuku wa Mama Safia wakaruka uzio.

Alikuwa Asteria. Jembe begani, miguu mikavu. Nyuma yake Mzee Tumainieli. Nyuma ya Mzee, Vitus, anatazama chini. Kumbe mama wa watu kasimama shambani tangu alfajiri akingoja maji, akayaona yanapita zake kwenda kwenye kabichi. Hakugombana na mtu. Mpare halisi huyu: hapigi kelele, anafungua kesi.

Tumesikilizwa hapo hapo ukingoni mwa ndiva. Nimemwamkia Mzee shikamoo mara mbili, haikusaidia. Nikaeleza habari za macho darini. Mzee akasema macho ya darini hayapo kwenye orodha ya kamati. Kisha akahukumu. Zamu ni ya kaya, si ya mume. Mume peke yake hawezi kuigawa, kwa hiyo makubaliano yetu hayapo. Maji yageuzwe sasa hivi kwenda kwa Asteria mpaka jioni, na kitabu kirudi kwa Vitus.

Kikatoka mkononi mwangu! Nimebakiza kurasa kumi na mbili! Niliomba nizisome nimesimama. Nikanyimwa.

Adhabu: Jumamosi kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wenzangu wakifyeka kando ya mifereji, mimi nitazoa tope la ndiva peke yangu. Na atakayeniambia mswaki ni wa nani kabla ya tarehe 20 atazoa pamoja nami. Hii si hukumu, ni ukatili.

Asteria amesema maharage yamekosa maji nusu siku. Atayaangalia kama yatashika au hayatashika, ndipo ajue kama anafunga mizigo. Begi limetolewa uvunguni, liko juu ya kiti. Moyo wangu mzito kweli.

Jumamosi, 9 Agosti

Tope mpaka kifuani. Kijiji kizima kando ya mfereji kinajadili kitabu, nikisogea kinanyamaza. Vitus anacheka peke yake.

Nikajaribu mtego. Nikasema kwa sauti: maskini, kumbe mswaki ulikuwa wa Dokta! Wote wakaendelea kufyeka. Ila Mama Safia kakohoa. Nimekitafakari kile kikohozi mpaka jua linazama. Kilikuwa kikohozi cha kukubali au cha kukataa?

Halafu pigo. Asteria kakimaliza kitabu siku ya pili ya zamu yetu, nilipokuwa nakagua milango! Anajua kila kitu. Tunakula meza moja. Nimemwomba, nimembembeleza, nimemsifu. Ananipakulia mboga tu, anatabasamu.

Jumatano, 20 Agosti

Kimefika! Nimesoma kurasa kumi na mbili hapo hapo langoni. Mama yake Dokta! Miaka mitatu darini! Nilijua tangu mwanzo. Mtunza bustani ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula, na ndiyo maana nilimshuku. Nimepanda kukagua dari letu. Popo tu.

Maharage yameshika, maganda yamejaa. Asteria amerudisha begi uvunguni. Nimefurahi mpaka nikamsaidia kuchota maji. Nimejifunza mengi mwezi huu, na nimeapa sitagusa tena zamu ya maji.

Mchana Mwalimu Victoria kapita kutoka Same na kitabu kingine. Kurasa 460! Msichana anapigiwa simu na namba yake mwenyewe! Mzee ameshaandika orodha, siku nne kwa kaya. Siku nne! Zitanitosha wapi?

Ndipo nikakumbuka hukumu. Zamu ni ya kaya. Basi dawa ni kuwa kaya mbili! Nimeandika barua kwa kamati: kuanzia leo mimi, Hezroni, ni kaya yangu, Asteria kaya yake. Jumla siku nane. Mzee kaisoma mara tatu, akavua miwani, akasema sheria haikatazi, mradi mama akubali.

Asteria amesaini kabla sijamaliza kueleza. Kaweka sharti moja tu: shamba na zamu ya maji viandikwe kwenye kaya yake. Nimekubali haraka asije akabadili mawazo. Maskini, hajui kabisa kupatana!

Sasa hivi yuko jikoni kwake, anapika chakula cha mtu mmoja, anaimba. Ameniuliza kupitia dirisha kama najua makande huchemka kwa saa ngapi mpaka yaive. Sijui. Na sielewi kwa nini ameuliza.