Mti Mmoja kwa Nyumba Arobaini na Sita

Kisiwa cha Tamarack,
Ziwa Huron, Michigan.
27 Januari

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima na kuni zako hazijaisha. Mimi ni Emmett Kuiper, fundi boti mstaafu, msomaji wako wa miaka thelathini na mmoja, na mtu anayeyapenda mazingira kuliko wengi ninaowafahamu. Ndiyo maana nalalamika kwamba Krismasi iliyopita hapa kisiwani tuliyatunza mazingira kupita kiasi.

1. Kamati ya Sikukuu ya Kijani, chini ya jirani yangu Bi. Thelma Sorenson, iliamua kwamba nyumba zote arobaini na sita zitumie mti mmoja, uliowekwa ukumbini, kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa Jumanne, saa tisa hadi tisa na nusu. Nilifika nimefunga tai, nikamkuta Bwana Pruitt, mwenye zamu ya kabla yangu, bado anaimba.

2. Karatasi za kufungia zawadi zilipigwa marufuku, tukaambiwa tutumie vitambaa. Bi. Thelma aliniletea jemu ya cheri iliyofungwa kwa pazia la jikoni kwangu, lililotoweka kwenye kamba ya nguo mwezi Oktoba. Nilipomuuliza alinijibu, "Emmett bwana, kitu hakipotei, kinazunguka tu." Jemu yenyewe ilikuwa nzuri.

3. Taa za rangi zilizimwa, tukawasha mishumaa ya nta. Hili nalisamehe. Nyuki hawajanikosea.

4. Hapa ndipo panaponiuma. Kila Januari ziwa likiganda, huwa tunaichomeka miti yetu ya Krismasi kwenye barafu, mmoja baada ya mwingine, mpaka ng'ambo, upande wa bara, ili mtu asipotee theluji ikianguka wala asitumbukie penye barafu nyembamba. Mwaka huu tunao mmoja. Mti mmoja hauonyeshi njia, Ndugu Mhariri. Unaonyesha mahali ulipo mti.

Na huko bara anaishi Bi. Lorna Beaudry, mjane, ambaye nimecheza naye karata kila Alhamisi kwa majira tisa ya baridi. Mwaka huu nilikusudia kumwambia jambo. Nimeshakosa Alhamisi tatu, na nasikia muuza matrekta mmoja wa huko ameanza kujifunza karata.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri itunge sheria: kila nyumba ikate miti miwili, na yangu mitano. Atakayekataa achomekwe yeye mwenyewe kwenye barafu, amevaa kijani. Bi. Thelma ni mrefu, atafaa karibu na gati.

Nisalimie mkeo, mpiga chapa wako na yule paka wa ofisini.

Wako katika kuitunza dunia kwa kiasi,
Emmett Kuiper

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Bi. Lorna amebisha hodi. Amevuka mchana akifuata alama za pikipiki ya theluji ya posta, na sasa alama zimefukiwa. Amechungulia dirishani akasema, "Haya, bila miti mie sirudi. Utanivumilia mpaka barafu iyeyuke." Nimempa pole. Amekuja na sanduku la nguo, sufuria mbili na karata, na amekiri kwamba wazo la mti mmoja ni lake. Alimwandikia Thelma tangu Septemba. Tafadhali usiichapishe barua hii. Na kama kuna nyumba iliyoficha mti nyuma ya banda, naomba iendelee kuuficha.