Bastola ya Chuma na Mkwe Wangu Injini

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimetukanwa. Si mimi hasa, ni bastola. Lakini ni yale yale.

Nilikuwa kwa kinyozi, shuka shingoni, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Akaingia baba wa kijana aliyemchumbia binti yetu. Ni mstaafu wa jeshi kama mimi, ila wa kambi nyingine. Aliendesha lori. Mtaa mzima unamwita Injini, kwa sababu akianza kunguruma hazimiki. Hata hajakaa, akatangaza kwamba jeshi linaiondoa ile bastola ya zamani ya chuma na kuleta mpya, nyepesi, kishikio cha plastiki. Tena wamechelewa, akasema. Ile ya zamani siku hizi inafaa kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Plastiki! Nikasimama na shuka langu. Nikamwambia bastola ile imepita kwenye matope, vumbi na mvua, na haijakwama hata siku moja. Akauliza nimejuaje. Nikasema nimevaa gwanda miaka ishirini na miwili. Ukweli mtupu. Kwamba miaka yote hiyo nilikuwa kwenye bendi nikipuliza tarumbeta, hakuuliza, nami sikutaka kumchosha. Tarumbeta nalo ni la chuma, lina mdomo, na ukimwelekezea mtu lazima ashtuke.

Tumebishana mpaka kinyozi akafunga duka. Nimerudi nyumbani na nywele upande mmoja.

Jumanne, 4 Juni

Mama watoto amenimalizia nywele kwa mkasi wake wa kushonea, na nafasi hiyo akaitumia kunihubiria. Harusi ni mwisho wa mwezi. Yule ni mkwe. Mkwe haonyeshwi ubishi, anaonyeshwa kiti. Nikaapa kufunga mdomo. Mkasi ukiwa sikioni, nani haapi?

Mchana, habari njema! Jumamosi kambi ya hapa inafungulia familia milango, na wastaafu wataruhusiwa kulenga shabaha. Bastola zote mbili zitakuwepo. Nikamtuma binti akamsalimie mkwe wake na kumwambia kwamba, kama ni mwanamume, tukutane uwanjani. Kiapo sijakivunja. Mdomo uliotumika ni wa binti.

Binti akaniangalia kama dawa chungu. “Baba, mnataka kunivunjia ndoa kwa ajili ya bastola ambazo hakuna kati yenu mwenye nazo?”

Hajui mambo ya heshima. Alikwenda lakini. Jibu la Injini: atakuja, na atakayeshindwa atakiri siku ya harusi, kwa kipaza sauti, mbele ya wageni wote.

Usingizi hauji.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi. Bastola ya chuma ni nzito, kwa hiyo nimetumia pasi. Nanyoosha mkono, nafumba jicho moja, nalenga kalenda ukutani. Kinachonishinda ni jicho. Nikifumba la kushoto, na la kulia linafuata kwa kumwonea mwenzake huruma.

Sikujua kwamba mama watoto alikuwa ametoka kuipigia nguo na bado ilikuwa ya moto. Sasa pazia la sebuleni lina tundu lenye umbo la mtumbwi. Nimeligeuza, tundu likae nyuma ya kabati.

Alhamisi, 6 Juni

Vita ni akili. Nimekwenda kambini kumwona Afande wa ghala la silaha. Ni sajenti, mama mwenye miwani na sauti ya chini, ya aina ile inayokufanya usimame wima bila kuambiwa. Nikamweleza kwa adabu kwamba vyuma vingine hupakwa mafuta mengi kupita kiasi. Je, haoni kwamba hiyo bastola mpya ingefaa kupumzishwa mafuta mpaka Jumamosi?

Akavua miwani. Akaniuliza nilitumikia kikosi gani. Nikapatwa na kikohozi, kikanisindikiza mpaka getini.

Hata hivyo hakusema hapana. Dalili nzuri sana!

Ijumaa, 7 Juni

Mke wa Injini amekuja asubuhi. Chai hakuigusa. Akasema yeye kijana wake anamuoza kwenye ukoo, si kwenye uwanja wa vita. Wazee wakiaibishana kesho, harusi isubiri kwanza mpaka wakue. Mama watoto akamwunga mkono neno kwa neno. Wakawa wawili dhidi yangu, ndani ya nyumba yangu, juu ya viti vyangu.

Binti hakula mchana. Alikaa jikoni akikunja na kukunjua kitambaa chake cha harusi. Nikasikia kitu kama huruma kikinipanda kifuani. Nikakishusha. Huruma hutetemesha mkono.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike upesi, kabla sijabadilisha mambo kichwani.

Watu walijaa. Kinyozi alikuja na wateja wake wote. Tulisimamishwa sambamba, mimi na bastola ya chuma, Injini na yake ya plastiki, kila mtu na karatasi yake ya shabaha. Masikio yakazibwa. Nikajikaza kisabuni. Amri ikatolewa.

Niliyafumba macho yote mawili.

Bastola haikukwama! Ililia mpaka risasi ya mwisho, tamu kama bendi yangu siku ya gwaride. Ya Injini nayo, lazima niseme, haikukwama. Karatasi zikaletwa. Yangu ilikuwa safi, ungeweza kuandikia mwaliko. Yake ilikuwa na matundu mawili. Injini akaruka juu kama mtoto. Mimi nikayatazama matundu yale, nikatazama yalivyoingia kwa mshazari kutoka upande wangu, nikaelewa.

Ni risasi zangu! Bastola ya chuma ilikuwa imeshinda, ila ilishindia karatasi ya mwenzake. Nifanye nini? Nikinyamaza, plastiki inapata ushindi. Nikisema, mbele ya umati wote nitakuwa mtu aliyelenga huku akapiga kule. Mtu mwenye akili angenyamaza.

“Matundu hayo ni yangu!” nikapiga kelele. “Mimi ndiye niliyekosa!”

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia maishani. Injini akasema nimekuwa mwendawazimu, akanishika ukosi, nami nikamshika wake. Wake zetu wakainuka. Binti akaziba uso kwa viganja.

Afande wa ghala akapita katikati yetu taratibu. Akasema, kwa sauti yake ileile ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi:

“Alhamisi mzee huyu aliniomba bastola mpya nisiipake mafuta. Jana mzee huyu mwingine aliniomba ya zamani nisiipake. Nimezipaka zote. Bastola zote mbili ni za kuaminika. Zilizokwama ni hizi mbili zinazoshikana ukosi.”

Nikamwachia Injini. Injini akaniachia. Na hapo, kana kwamba aibu haijatosha, kiongozi wa bendi yangu ya zamani akaniona kutoka ng'ambo ya uwanja, akapunga mkono na kuita, “Tarumbeta! Upo?”

Jumapili, 9 Juni

Nilitegemea kilio nyumbani. Badala yake mama watoto amecheka tangu asubuhi. Anacheka, anapumzika, anakumbuka, anaanza upya.

Alasiri Injini akaja peke yake, kofia mkononi. Nikampa kiti. Akaiweka kofia magotini. Akaniambia, “Mkwe, mimi bastola nilikuwa sijawahi kuifyatua kabla ya jana. Nilibeba viazi.”

Nikamwambia viazi si haba, jeshi haliendi na njaa. Akasema na bendi si haba, jeshi haliendi kimya. Tukapeana mikono. Mkewe ameridhika, harusi iko palepale. Binti aliposikia alinikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka. Nikamwahidi, kwa moyo wote safari hii, bila mkasi sikioni: sitabishana tena juu ya silaha yoyote.

Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatatu, 10 Juni

Nilikwenda kwa kinyozi kusawazishwa tu. Kusawazishwa tu! Injini alikuwepo, tukasalimiana kindugu. Katika maongezi akasema kwamba miavuli ya siku hizi ya askari wa kuruka kutoka kwenye ndege ni bora kuliko ile ya zamani.

Nikanyamaza. Mungu anajua nilinyamaza. Nilihesabu chupa zote za mafuta kwenye rafu.

Lakini mwavuli si silaha! Nikamwambia ile ya zamani ilishonwa na watu, haikushonwa na mashine, na kwamba naijua nje ndani. Akauliza nimejuaje. Nikasema nimevaa gwanda miaka ishirini na miwili.

Kambi itafungua tena milango mwezi ujao, na wastaafu shupavu watarushwa kwa miavuli. Tumeandikisha majina, yeye na mimi. Paa la jiko nimeshalipima kwa macho. Si refu. Kesho mama watoto anakwenda sokoni mapema, na shuka la kitandani nimeshaliangalia: zito, imara, na limeshonwa kwa mkono.