Mnyama wa Bahari Katika Chupa ya Sori

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimepata nafasi. Dkt. Bathsheba Nyasuguta amefika Homa Bay kutoka Nairobi. Anaandika orodha ya krasteshia wadogo, wale ndugu wa kaa na kamba, wadogo kuliko punje ya mchele, wanaoishi kwenye matope chini ya maji. Amemaliza miaka minne na wale wa baharini. Sasa ni zamu ya ziwa. Anataka kujua nani anaishi wapi na anaitwa nani.

Ametuchukua walimu wawili kwa likizo hii. Mimi, wa biolojia. Masese, wa kilimo. Atakayefanya vizuri ataajiriwa na mradi miaka miwili. Masese! Mtu wa mbolea.

Kuna jambo lingine. Mnyama asiyejulikana hupewa jina jipya, mara nyingine la mtu aliyemwokota. Nimejaribu langu nyuma ya bahasha, kwa Kilatini: *elkanai*. Linapendeza.

Jumatano, 7 Agosti

Tumekwenda Sori, kando ya ziwa. Kila mmoja chupa nne za matope, kutoka sehemu nne tofauti za ufuo.

Nilimkuta mama mmoja, Damaris, anaanika omena, dagaa wa ziwani. Nikamweleza ninachotafuta. Akanyoosha kidole kwenye matete.

"Mwalimu, hao wadudu wako wamejaa hapo kwa matope. Lakini utatoa viatu."

Viatu ni vipya, vya Migori. Nilimshukuru. Nilijaza chupa zote nne kwa mchanga safi pale boti zinapofungwa. Dakika kumi. Kisha nikaandika majina ya sehemu nne, kwa mwandiko mzuri.

Masese alirudi jioni na matope mpaka kiunoni, anacheka na Damaris kwa Kijaluo. Sikuona cha kuchekesha.

Ijumaa, 9 Agosti

Daktari amepitia chupa zangu kwa hadubini. Ameshangaa kwamba wanyama wa sehemu nne wanafanana kama mapacha. Nikamwambia ziwa ni moja. Akaniangalia kidogo, akaandika kitu.

Za Masese bado. Mwenyewe anachambua matope yake punje kwa punje. Pole yake.

Baadaye Daktari alituonyesha kitabu. Picha ya mnyama mwenye kichwa kikubwa na mkia mwembamba, kama alama ya koma. Akasema hao ni wa baharini tu, katika ziwa hili hajawahi kuonekana hata mmoja.

Hata mmoja! Masese alipiga miayo. Mimi nilikwenda posta kumpigia simu shemeji Byron, ndugu wa mke wangu, aliye Mtwapa, pwani. Nikamwagiza mchanga wa chini ya bahari, auchuje kwa chujio la chai, atie spiriti. Akauliza kama niko sawa. Nikasema ni sayansi.

Jumamosi, 17 Agosti

Kifurushi kimefika kwa basi. Lakini ni Sabato. Sikukifungua. Nilikinusa tu.

Jumapili, 18 Agosti

Koma! Nimehesabu tisa kwa lenzi ya shule. Nimemuuliza mke wangu, Caren, kama amewahi kuona uzuri kama huu. Akasema chupa hiyo isikae karibu na unga.

Nimemwaga mchanga wa chupa yangu ya nne, niliyoiazima kwa Daktari, nikatia wa Byron. Lebo haikuguswa. Inasema Sori.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimempa Daktari chupa, nikamwomba aitazame upya, kwa kuwa nilihisi kuna kitu. Alitazama. Akaomba kubaki nayo. Nimemwambia Masese asivunjike moyo, kilimo pia kina heshima yake.

Jumanne, 20 Agosti

Aliniita peke yangu. Juu ya meza kulikuwa na kipande cheupe, kidogo kama jino la mtoto. Akauliza ni nini. Nikasema jiwe. Akasema ni tumbawe, na matumbawe hayaoti Sori.

Kisha akanikaribisha kwenye hadubini. Koma wangu alikuwa katikati.

"Huyu namjua, Mwalimu. Nilimwandika mimi, miaka miwili iliyopita. Ana jina la mama yangu."

Masikio yaliwaka moto. Bahari yote ile, Byron akamchota huyo.

Hakugomba. Angegomba ningejitetea. Aliuliza tu mchanga wa zamani wa chupa ile uko wapi. Nikasema uko uani, kuku wanaukanyaga. Akasema orodha yake itasomwa na watu ambao hawatafika Sori kamwe, nao wataamini lebo. Kisha akavuta zile chupa zangu tatu zilizobaki na kubandua lebo moja moja, polepole, mbele yangu. Mwandiko wangu mzuri.

Nilitembea mpaka stendi bila kusalimia mtu.

Alhamisi, 22 Agosti

Nilirudi kwa Daktari kurudisha chujio la mradi. Nikakuta furaha. Katika matope ya Masese, yale ya kwenye matete, yupo mnyama mwenye magamba mawili kama maharage ambaye Daktari hamjui. Ametafuta katika vitabu vyote. Hayumo.

Masese ameajiriwa. Daktari akataka kumpa mnyama jina lake. Mjinga huyo akakataa! Akasema aliyemwonyesha mahali ni mama wa omena. Kwa hiyo mnyama ataitwa *damarisae*. Walimpelekea habari Sori. Nasikia aliuliza kama analiwa.

Masese alinishika mkono, akasema siku nyingine twende pamoja. Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo liliniuma.

Jumapili, 25 Agosti

Nimefikiria sana, na ninakiri kosa. Wanyama wa majini wanahitaji hadubini, na hadubini haina adabu.

Nimesikia mwezi ujao anakuja mtu wa vipepeo, ataanzia bonde la Lambwe. Vipepeo hutazamwa kwa macho tu. Mwalimu wa sanaa ana rangi ya bluu isiyotoka kwa maji. Kesho nitamwomba kidogo, na brashi nyembamba.