Nani Kamwita Nani Kwenye Programu ya Maktaba

Jumatatu, 3 Machi
Moyo unagoma tena. Daktari kasema nilale tu. Sawa, nitalala. Lakini programu ya maktaba, niliyoiandika ujanani pamoja na shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, isinitangulie kaburini! Imekuwa nzito kama mimi. Msomaji akitafuta kitabu, anasinzia kabla hakijatokea. Wakubwa wa maktaba wamempa mjukuu wangu mpaka Ijumaa. Asipoipata kasoro, wanaitupa.

Kaja na profaila, chombo cha kuchungulia programu ikiwa kazini: kipande gani kinakula muda, nani kakiita, na huyo naye kaitwa na nani, mpaka juu kabisa. Mpaka kwangu, basi! Sehemu ya kutafuta ni yangu. Ya kupanga majina ni ya shemeji. Jasho likanitoka.

Mjukuu alipokwenda kuchemsha chai, nikavuta laptopu yake. Nikazima chaguo moja la kuundia programu. Sasa vipande haviachi alama ya aliyeviita. Kidole kimoja tu! Bado nimo.

Jumanne, 4 Machi
Raha! Muda wote unamezwa na kipande cha kulinganisha herufi, ambacho mimi na shemeji sote tunakitumia. Nani kakiita? Patupu. Yatima! Mjukuu kabadilisha toleo la profaila, kaongeza ruhusa. Patupu.

Shemeji kaja na fimbo yake, kakalia kiti changu, kasema mkosaji ni mimi, maana tangu zamani naita watu ovyo. Nikamjibu kwamba siku ya posa nilimwita yeye, na mpaka leo namsubiri. Mjukuu akacheka mpaka akamwaga chai.

Jumatano, 5 Machi
Mjukuu hacheki. Macho mekundu. Ananiuliza, Babu, kwani hiki kipande kimeota chenyewe? Nikamshauri azime mashine na kuiwasha. Ushauri wa hovyo. Akaufuata, kwa heshima. Roho ikaniuma. Kidogo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimezidiwa! Kifua kikabana, macho yakaingia giza. Nikaona siwezi kuondoka na mzigo huu. Nikamwita mjukuu, shemeji akajileta. Nikaungama yote: alama nimezima mimi, na uzito wa programu ni wangu peke yangu, shemeji hana kosa. Shemeji akalia. Akaniita ndugu yangu. Akaniomba nirudie, taratibu, karibu na simu yake. Nikarudia. Kwa sauti nzuri sana.

Daktari akafika. Gesi tumboni.

Ijumaa, 7 Machi
Mjukuu karudisha chaguo, kaunda programu upya. Mlolongo ukajaa kwenye skrini, huyu kamwita yule, yule kamwita huyu, na juu kabisa... kupanga majina! Shemeji! Mtu akitaka kitabu kimoja, yeye anapanga upya maktaba nzima! Ushindi ulikuwa wangu tangu Jumatatu, nikauzima kwa kidole changu mwenyewe!

Mjukuu kairekebisha. Vitabu vinatokea papo hapo. Programu inabaki! Kanibusu kipaji cha uso, kacheza chumba kizima, nami nikacheza kwa vidole vya miguu.

Nikamtaka shemeji afute ungamo langu. Kasema maneno ya mtu anayekufa hayafutwi. Nikasema sikufa. Kasema hilo nalo ni kosa langu. Hapo simu yake ikaita. Mlio ni mimi, naungama!

Jumamosi, 8 Machi
Nimepata dawa yake. Kesho, wakati wa chai, nitazidiwa tena. Nitaungama kwamba niliungama uongo. Tangu asubuhi nafanya mazoezi ya kukata roho. Mjukuu kasema pale mwisho naharakisha mno.