Mkaguzi Wenu Ameumia Nyumbani Kwangu

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Fidia,

Mheshimiwa,

Mimi ni mke wa yule mpakiaji wa kiwanda cha magodoro aliyeangukiwa na robota la pamba, ambaye wenzake humwita Winchi. Daktari aliandika kwamba mgongo umeumia, asibebe chochote kizito kuliko kikombe cha chai. Mwajiri akasema anajifanya. Nanyi mkamtuma mkaguzi aje kuangalia kama mgonjwa ananyanyua vitu kwa siri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkaguzi amekuja siku kumi na tisa mfululizo. Hukaa kwenye kiti cha mume wangu, daftari mapajani. Mgonjwa akipiga chafya, anaandika. Juzi alipojikuna, aliulizwa kwa upole, "Mkono huo unafika hadi wapi, kaka?"

2. Mimi hufua nguo za watu, na wa kunichotea maji ndiye huyo asiyeruhusiwa kubeba. Nikamwomba mkaguzi ndoo moja tu. Sasa ni ndoo kumi na mbili kwa siku, pamoja na mtungi wa gesi. Sikumlazimisha, alisema kukaa bure kunamchosha.

3. Jumanne alikuwa akinihamishia kabati la nguo, maana nilitaka kuona lingekaaje karibu na dirisha. Akateleza kwenye maji ya sabuni, kabati likamlalia mguuni.

4. Ameumia akiwa kazini, na kazi ni yenu. Lakini kabati ni langu, sakafu yangu, sabuni yangu. Je, mwajiri wake ni mimi? Fomu yenu nimeisoma mara mbili, mwenye nyumba hatajwi popote. Mume wangu amecheka hadi mgongo ukamuuma tena, jambo ambalo naomba lipokelewe kama ushahidi.

5. Kwa hiyo mlipeni mume wangu, mlipeni na mkaguzi, kisha mniletee mkaguzi wa pili, achunguze kama huyu wa kwanza kweli hawezi kukanyaga. Mkipata mwenye mabega mapana nitashukuru. Kabati bado liko katikati ya chumba.

Nisalimieni maofisa wote, hasa karani wa dirisha la tatu, aliyepoteza faili letu mara mbili na bado anatuomba subira kwa tabasamu.

Ni mimi ninayesubiri majibu,
Mke wa Winchi

N.B. Msiwe na wasiwasi, mkaguzi alifika zahanati salama. Gari halipandi kilima cha kwenda huko, basi mume wangu alilinyanyua kabati peke yake, akambeba mkaguzi mgongoni na kupanda naye hadi mlangoni kwa daktari bila kupumzika. Mkaguzi, huko huko mgongoni, aliandika njia nzima.